Kunyamaza si Kunyamazishwa

Mpe mtu anayeanza kujifunza ngoma za chuma vijiti viwili vyenye mpira nchani, kisha umtazame. Atapiga. Atapiga tena. Akiona nafasi, anaijaza. Anadhani kimya ni kosa.

Anachofunzwa ni kinyume. Wenye ngoma za sauti ya kati, wanaoubeba wimbo kwa chini, mara nyingi hupiga baina ya mapigo, si juu yake. Moja, usiguse, piga. Mbili, usiguse, piga. Na usigonge kwa hasira, maana utaharibu sauti ambayo fundi aliitafuta kwa nyundo.

Hapo mtu huudhika, na ana haki ya kuuliza: kwa nini nijibane ndio wengine wasikike? Si hivi ndivyo mnyonge huambiwa kila siku? Tulia, ngoja zamu yako.

Swali hili ni zito zaidi Trinidad, ngoma hizi zilikozaliwa. Mwaka wa 1881 wanakarnivali wa Port of Spain walipambana na polisi wa mkoloni Mwingereza. Mwaka wa 1884 sheria ikabana ngoma za ngozi za wazao wa watumwa. Sawa, wakachukua mianzi, wakaigonga ardhini. Kufikia miaka ya 1930 wakashika mikebe na vyuma vya gari, baadaye mapipa ya mafuta. Vijana wa mitaa ya maskini kama Laventille, wale walioitwa wahuni, wakakifua chuma hadi kikaimba. Mwaka wa 1951 bendi yao ilipiga London. Mwaka wa 1992 ikatangazwa kuwa ala ya taifa.

Sasa, watu walionyamazishwa hivyo, mbona wafunze watoto wao kunyamaza?

Kwa sababu si kimya kilekile. Kimya cha bendi kina zamu: naacha pengo, mwenzangu anaingia; naye akiacha lake, naingia mimi. Kimya cha sheria hakina zamu. Mmoja anapiga, mwingine anangoja, basi.

Kwa hivyo usiulize tu nani amenyamaza. Uliza pigo lake liko wapi. Kazini, nyumbani, hata kwa mapenzi, kama kuna mtu anayengoja na zamu yake haifiki, hiyo si bendi, hata isikike tamu namna gani.

Jifunze kuacha nafasi. Lakini hesabu. Ukihesabu mpaka ukachoka na pigo lako halijafika, tafuta pipa.