Lori Halikuja

Ilikuwa saa nane mchana, mvua imekatika tu, na nilikuwa nateremka kuelekea mto Gucha, upande wa Ogembo, na baiskeli yangu ya mitumba. Barabara ilikuwa yangu. Hakuna matatu ya kunisukuma mtaroni, hakuna nduthi ya kunipigia honi mgongoni. Ni mimi na breki zangu, udongo mwekundu uliolowa, migomba, na chai iliyopanda kilima mpaka juu. Chini darajani nilisimama nikasikiliza maji. Kwa saa nzima sikuwa nimekutana na gari hata moja.

Anayeendesha baiskeli Nairobi hahitaji kuelezwa raha hiyo. Ukiwa Thika Road unapanda kila kilomita huku mabega yamekaza, unasikiliza nyuma zaidi ya unavyoangalia mbele. Karura kuna utulivu, ila unalipia mlangoni. Huku Gusii nilikuwa nimepata bure kitu ambacho mjini ni cha kununua, na kwetu ni hapo tu, ng'ambo ya mto. Nilijiona mjanja.

Nikavuka, nikaanza kupanda. Vilima vya huku si mchezo. Unaanza na gia nyepesi, baadaye unaitafuta nyingine nyepesi zaidi ambayo haipo, mwishowe unashuka na kusukuma huku watoto wanakucheka. Kule juu kuna senta ya majani chai: kibanda cha mabati, mizani, na siku hiyo watu kama ishirini waliokuwa wamekaa kando ya magunia yao. Nikawasalimia kwa Kigusii changu cha kuvunjikavunjika. Mama mmoja mwenye leso kichwani akanihurumia, akanijibu kwa Kiswahili.

"Kijana, huko chini umepishana na lori?"

"Hapana mama," nikasema, na bado nilikuwa natabasamu. "Njia yote haina gari hata moja."

Nilivyoisema, ilikuwa habari njema. Niliona nyuso zao, nikaelewa ilivyopokelewa. Hakuna aliyesema kitu. Mzee mmoja akafungua gunia lake, akaingiza mkono ndani mpaka kiwiko, akautoa, akalifunga tena. Sikujua anatafuta nini. Nyanya yangu ndiye aliyenieleza jioni: alikuwa anapima joto. Majani mabichi yakikaa kwenye gunia yanaanza kupata moto wenyewe, yanabadilika rangi, na yakifika hivyo kiwandani hayachukuliwi. Mtu ameamka alfajiri, amechuna kwenye umande mpaka vidole vikawa vyeusi, amebeba mgongoni kupanda kilima, halafu mshahara wake unachemka ndani ya gunia akiutazama.

Lori halikuja. Barabara ilikuwa imeteleza sana huko lilikotokea. Kesho yake nilipopita tena niliona majani yamemwagwa chini ya migomba, ya kahawia, yamelala kama nywele kwenye sakafu ya kinyozi.

Tangu siku hiyo nina swali ambalo sijalimaliza. Barabara ilikuwa kimya kwa sababu ilikuwa mbovu. Raha yangu na hasara yao zilitoka kwenye matope yale yale. Je, nilikosea kufurahi?

Jibu la haraka ni kwamba sikukosea. Sikuleta mvua. Sikula pesa za barabara. Hata kama ningekaa Nairobi siku hiyo, majani yangeharibika vilevile. Huzuni yangu isingepunguza hata kilo moja ya hasara, kwa hivyo ya nini kujitesa? Rafiki yangu mmoja tunayeendesha naye aliniambia hivyo, na akaongeza kwamba watu wa mjini tunapenda kujisikia vibaya kwa sababu ni rahisi kuliko kufanya kitu. Hapo alinipata.

Lakini jibu hilo linaacha kitu nje. Fikiria fundi wa mbao pale stendi anayetengeneza vitanda na majeneza. Anakula kwa sababu watu wanakufa, na hakuna anayemlaumu, kwa sababu tunamhitaji na kifo hakutengeneza yeye. Akihesabu pesa zake jioni akafurahi kwamba watoto watalipiwa karo, hiyo ni haki yake. Ila akianza kuamka asubuhi akitamani kusikia kilio mtaa wa pili, hapo kuna kitu kimeoza, hata kama kutamani kwake hakuui mtu. Kosa linaanzia kwenye kile unachoombea.

Nami nilikuwa nimeanza kuombea. Hilo ndilo linalonisumbua, wala si tabasamu la siku ile. Nina programu ya simu inayorekodi safari zangu, na pale chini ya ramani ya njia hiyo nilikuwa nimeandika kwamba natumaini hawataiwekea lami. Niliandika kwa utani. Watu kumi na kitu wakapenda. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na gunia la kupeleka popote.

Na si kwamba sikujua. Nilipokuwa darasa la tatu tulimzika babu kwenye kilima hicho hicho. Gari lililoleta mwili lilikwama kabla ya kufika, mvua inanyesha, na wajomba na majirani wakabeba jeneza mabegani kilomita ya mwisho. Ninachokumbuka ni viatu. Wanaume waliovaa viatu vizuri vya mazishi walivivua wakaviacha vimepangwa kando ya mtaro, jozi kwa jozi, wakapanda pekupeku ili wasiteleze. Tulivyorudi kuvichukua vilikuwa vimejaa maji. Barabara ni ile ile ninayoiita tulivu. Nilirudi na helmeti na chupa mbili za maji, nikaipa nyota tano.

Utulivu wenyewe huku ni neno la kuangalia vizuri. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 1,266,000 Kisii na zaidi ya 605,000 Nyamira, na kwa Kisii hiyo ni zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba. Hakuna mahali patupu. Gucha inatoka vilima vya Kiabonyoru kule Nyamira, inateremka kupitia Kisii, inaungana na mto Migori na kuingia Ziwa Victoria, na nyumba zimeufuata. Nikisema sikukutana na mtu, maana yangu ni kwamba sikukutana na injini. Watu walikuwepo: wenye mikungu ya ndizi kichwani, wenye mitungi ya maji wakitoka kisimani, mtoto na ng'ombe mmoja. Walikuwa wanapanda mlima niliokuwa nateremka, na kwenye picha zangu za simu wamekuwa sehemu ya mandhari.

Hata hiyo njia yenyewe haikuota. Kuanzia 1974 serikali ilikuwa na mpango wa barabara za mashambani ambapo nyingi zilichimbwa kwa nguvu za mikono, majembe na sururu, na wenyeji wakilipwa kwa kazi hiyo. Wazee wa huku wanaweza kukuambia ni kona gani ilichimbwa na nani. Waliochimba walitaka gari lifike. Pikipiki zilipoondolewa ushuru mwaka 2008 na bei yake ikashuka, vijana wakaanza kubeba kila kitu: mbolea, milango, mama mjamzito amekaa katikati ya dereva na shemeji wa kumshikilia. Zile honi ninazozikimbia ndizo zilizowafikisha hospitali.

Halafu kuna upande wa pili, na sitaki kuuficha kwa sababu unanifaa. Wako watu wanaovuka bahari kutafuta barabara kama hizi. Tangu 2021 mashindano ya Migration Gravel Race yamewaleta waendeshaji kutoka Ulaya na Marekani kushindana na Wakenya na Waganda kwenye vumbi la Maasai Mara, na nimewafuatilia kwa wivu. Sioni ubaya wowote kupenda changarawe. Tofauti ni kwamba anayekuja kushindana akishamaliza anaondoka, na mimi pia Jumapili jioni napanda shuttle kurudi Nairobi. Ugumu wa barabara ni mtamu ukiwa na tarehe ya kuisha.

Nilimuuliza nyanya kama anataka lami. Nilitarajia jibu moja, akanipa mawili. Anaitaka, alisema, hata kesho. Halafu akanyamaza akichambua chinsaga, akasema kwamba kwa dada yake, kule lami ilikofika, watoto sasa wanashikwa mkono kuvuka, na kuku hawafugiki tena. Magari yanapita kama yanafukuzwa. Huko hakuna bampu wala njia ya miguu, na nyumba ziko hatua tano kutoka barabarani. "Walituletea barabara ya magari," alisema. "Sisi tunatembea."

Kwa hiyo nikajaribu kutenganisha vitu viwili nilivyokuwa nimevichanganya. Kuna utulivu wa mahali palipoachwa, ambapo gari halifiki kwa sababu haliwezi. Na kuna utulivu wa mahali ambapo gari linafika likitembea polepole, kwa sababu kuna bampu, kuna kona zilizochongwa vizuri, kuna ukingo wa kutembelea. Wa pili ndio anaoutaka nyanya, na naamini ndio niliokuwa nautaka mimi pia bila kujua, maana Thika Road kinachonitisha ni mwendo. Lori la chai linalopanda polepole halijawahi kuniua hata kwa mawazo. Ila wa pili ni ghali, na unahitaji watu waukalie vikao. Wa kwanza unakuja wenyewe, kila mvua ikinyesha.

Nilifuta yale maneno chini ya ramani. Sijui kama kuna aliyegundua.

Mwezi Aprili nilirudi tena, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Sikufika hata nusu ya mlima kabla yule mama mwenye leso kuniona kutoka juu na kuniita kwa sauti. Safari hii hakuuliza kama nimepishana na lori.

"Wewe mwenye baiskeli! Geuka mwanangu, ushuke utuangalizie limekwama wapi. Wakikosa kupanda, waambie tunakuja kuwasukuma."

Nilikuwa nimeshahema vya kutosha na mlima ule sikuutaka mara mbili kwa siku moja. Nikageuza baiskeli. Nilikuta lori chini karibu na daraja, gurudumu la nyuma limezama, utingo akikata matawi ya mkaratusi ya kutandika chini yake. Nikamwambia walioko juu wanashuka. Akaniangalia mimi, akaiangalia baiskeli, akanipa panga.