Tumelisema Tena Leo

Tumelisema tena leo. Asubuhi mwenzetu amefungua kompyuta kuukuu kikaoni, tukamcheka: hiyo mashine ya chokoraa utaiacha lini? Mchana, mwingine ambaye mkataba wake wa nyumba Kilimani umekwisha na sasa yuko kwa rafiki siku tatu, ametuandikia kwenye kundi kwamba amekuwa mtoto wa mtaani, tukamjibu kwa vikaragosi vya kicheko. Jioni mshahara umechelewa, sote tumejiita machokoraa huku tukiagiza chakula kwa simu kiletwe mlangoni.

Mlango upi, ndugu zangu?

Kuchokora ni kuchimbua kwa ncha. Mtoto anayechokora jalala akitafuta mabaki ya tulichoagiza jana, tumembatiza chokoraa, kwa njaa yake, kisha njaa hiyo tumeifanya mzaha wa watu wenye mishahara. Usiku tunapita Moi Avenue tumepandisha vioo vya gari, simu tumeibana kifuani, usoni hatumtazami. Asubuhi tunamvaa ofisini kama kinyago. Tunayemkimbia barabarani, nani ametupa ruhusa ya kumwigiza mezani? Na kila Desemba tunavaa fulana za kampuni, tunampelekea mkate na sukari, tunapiga naye picha. Januari jina lake linarudi kuwa tusi.

Mtasema ni maneno tu. Sisi ndio wa kusema hivyo? Sisi ambao alama moja ikikosewa kwenye programu twakesha hadi alfajiri tukiisaka?

Nami nilicheka. Siku moja tulikuwa tukiunda fomu ya kusajili wateja: namba ya kitambulisho, namba ya simu, mahali unapoishi. Mmoja wetu akauliza, na asiye na pa kuishi? Akajibiwa kwa neno moja, chokoraa, chumba kizima kikaangua kicheko, tukaendelea na ajenda. Hatukusema tena juu yake. Twajua fika kwamba aliyekulia mtaani bila cheti cha kuzaliwa hupata taabu kubwa kupata kitambulisho, kwamba bila kitambulisho hasajili laini, na bila laini hana M-Pesa. Neno lile lilitutosha kumfungia nje.

Mwaka 2018 serikali ilihesabu watu wa familia za mitaani: 46,639 nchini, 15,337 kati yao hapa Nairobi. Sisi tunaoabudu takwimu, tunaojua ni wateja wangapi wameondoka tangu Jumatatu, nani kati yetu amewahi kuitaja hesabu hiyo kikaoni? Ibara ya 28 ya Katiba ya 2010 inasema kila mtu ana utu wake na haki ya utu huo kuheshimiwa. Kila mtu. Haikutaja anwani.

Hakuna asiyejua. Anayelisema anajua, anayecheka anajua, na anayenyamaza akitazama skrini yake anajua kuwashinda wote.

Kesho tuna kikao saa tatu. Mwenzako akilisema, usicheke.