Mlango na Jicho la Mpita Njia

Katika Kiswahili neno mlango limebeba mengi kuliko mbao zake. Ukoo hugawika milango, na mtu akiulizwa yeye ni wa mlango gani, hatafuti bawaba wala komeo; hutaja babu zake. Vitabu vya kale viligawiwa kwa milango, pale ambapo siku hizi husemwa sura. Bahari ina mlango wake, na mto vilevile, pale unapomwaga maji. Basi lugha hii haikupata kuujua mlango kuwa ni kitu kinachosimama peke yake. Mlango ni mlango wa jambo fulani, na jambo hilo liko nyuma yake.

Lakini amezuka msafiri anayekusanya milango mitupu. Huenda mji baada ya mji, akapita Lamu na Unguja, akafika Sidi Bou Said kule Tunisia yenye milango ya buluu na njumu nyeusi, akaenda hadi Dublin kwenye milango myekundu, ya manjano na ya kijani, kisha akarejea kwao na mamia ya milango ndani ya kamera yake. Katika mamia hayo hakuna hata mmoja aliofunguliwa. Je, pana ubaya gani? Mlango uko nje, kila mtu auona, na picha haipunguzi ubao hata unyuzi mmoja. Swali laonekana dogo, na pengine udogo huo ndio uliofanya lisiulizwe sawasawa.

Ni haki kuanza kwa kumtetea msafiri huyo. Mlango wa Unguja haukuwa na haya hata siku moja. Tajiri wa karne ya 19 aliuagiza ili uonekane, na husimuliwa kwamba wengine waliusimamisha mlango kwanza, kuta zikafuata. Msaji uliletwa kutoka Bara Hindi. Asiyeuweza alitumia mfenesi. Fundi alichonga miimo kwa maua, mawimbi, samaki na minyororo, akaupamba mfaa ulio katikati, na juu ya kizingiti akaandika aya ya Kurani au mwaka wa hijria. Milango iliyotangulia ilikuwa na kizingiti kilichonyooka. Baadaye, zama za Sayyid Barghash aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ukapendwa mtindo wa Kihindi wenye upinde juu. Ama njumu za shaba, watembeza wageni husema asili yake ni India, zilikowekwa ili tembo wa vita wasivunje malango. Unguja hakuna nyumba iliyopata kuvamiwa na tembo, lakini njumu zilipendeza, zikabaki. Yote hayo yalikuwa yakimwambia mpita njia: tazama, ujue nani anakaa hapa. Anayetazama leo anatii agizo la zamani.

Tena utajiri uliolipia nakshi hizo ulitoka katika pembe za ndovu, karafuu na jasho la watumwa, na soko lao mjini Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873. Jambo hilo mlango hausemi, labda katika ile minyororo ya kuchonga ambayo wengine huieleza kuwa ni alama ya usalama wa nyumba na wengine huieleza vinginevyo. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba zamani mlango ulikuwa mkweli na kamera ndiyo iliyokuja kuufundisha kuficha.

Hata hivyo, yule aliyeambiwa tazama alikuwa nani? Alikuwa jirani, mnunuzi, mdeni, mposaji, mgeni aliyeshuka jahazini. Watu hao wakishatazama walikuwa na la kufanya. Waliwatolea salamu waliokaa barazani, wakabisha hodi, wakangoja kuambiwa karibu, na wasipojibiwa walirudi. Sura ya An-Nur, katika aya ya 27, inawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao kabla ya kuomba ruhusa na kuwasalimu wenyeji. Na katika Hadithi imeelezwa kuwa kuomba ruhusa huko kumewekwa kwa sababu ya jicho. Hapa pana jambo la kuzingatia. Mtu angedhani hodi ni breki ya mguu, kumbe ni breki ya macho. Wajenzi wa pwani walilifahamu hilo. Katika nyumba za kale za Lamu, mgeni akivuka daka hukutana na ukuta, na hawezi kuona ndani mpaka ageuke, na hageuki mpaka akaribishwe.

Kwa kipimo hicho mpiga picha wa milango hana kosa. Hakuchungulia wala hakuvuka kizingiti. Amesimama upande ulioruhusiwa, akachukua kilichowekwa ili kionwe. Wapo hata wanaopenda milango kwa ajili ya staha: wamefunzwa kwamba uso wa mtu hauchukuliwi bila idhini yake, wakaona afadhali ubao, maana ubao hauna uso wa kuona haya. Nia hiyo ni njema na haifai kudharauliwa.

Lakini mkasa mmoja wa asubuhi, katika kichochoro cha Mji Mkongwe, unaonyesha pale staha hiyo inapochechemea. Bibi mmoja alikuwa ameketi juu ya baraza ya nyumba yake, ungo mapajani, akichambua mchele. Akaja kijana anayetembeza wageni, na mgeni wake nyuma, kamera mkononi.

“Shikamoo, bibi. Samahani, tunaomba usogee kidogo. Mgeni anataka kuupiga picha mlango.”

“Marahaba, mwanangu. Anautaka mlango peke yake?”

“Ndiyo, bibi. Peke yake.”

Bibi akacheka. “Haya. Mimi nimo humu mwaka wa hamsini huu, sijapata kuuona peke yake hata siku moja.”

Akajikongoja na ungo wake hadi baraza ya jirani. Mgeni akapiga picha tatu, akatabasamu, akapunga mkono, akaenda zake. Hakutukana wala hakuiba. Pengine alimwondoa bibi kwa ile ile staha ya kutochukua uso wa mtu. Lakini alichoomba ni kwamba mwenye nyumba aondoke nyumbani kwake ili nyumba ipendeze, na bibi, kwa kuwa mgeni hanyimwi, alikubali. Hapo palikuwa na ukarimu uliotolewa na mtu asiyejua kwamba amepokea. Hata salamu hakuitoa yeye. Aliitoa kijana kwa niaba yake.

Ama rangi, hiyo ndiyo shauku kubwa ya wakusanyaji hawa, nayo ina mtihani wake. Rangi inayopendwa zaidi si ile mpya. Ni ile iliyobambuka: kijani juu ya buluu, buluu juu ya kahawia, na chini kabisa ubao ulioanza kuwa kijivu kwa jua na chumvi ya bahari. Hapana shaka ni nzuri. Walakini kila tabaka lililobambuka lina habari yake: mpangaji na mwenye nyumba wanaotupiana jukumu la matengenezo, warithi kumi na watatu wasiopatana, mvua ya masika iliyopenya dari. Watu wa nyumba wakijaliwa fedha kabla ya Idi, wakanunua kopo la rangi ya mafuta na kuupaka mlango wao ukang'aa, msafiri anayerejea mwaka wa pili husikitika, husema mlango umeharibiwa. Ni kweli wahifadhi nao wana hoja dhidi ya rangi ya mafuta juu ya nakshi ya kale, na hoja hiyo ni ya ufundi. Masikitiko ya msafiri si ya ufundi. Yeye alitaka uchakavu wa watu wengine ubaki pale alipouacha, na sharti hilo hangelikubali juu ya mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Mfano wa mbali huenda ukalieleza jambo hili vizuri zaidi, kwa kuwa hauna tembo, watumwa wala masultani. Katika miaka ya 1970 lilienea bango la watalii lenye picha za milango ya Dublin, ile milango ya rangi kali yenye kioo cha upinde juu, iliyopangwa safu juu ya safu kama stempu katika daftari. Bango hilo lilipendwa sana, na tangu hapo miji mingi imetengenezewa mabango ya mfano huo, Zanzibar ikiwamo. Milango ya Dublin ni ya nyumba za karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, kama zile zinazozunguka Merrion Square. Nyumba nyingine nyingi za zama hizohizo zilikuwa zimegeuzwa makazi ya maskini, familia moja katika kila chumba. Mwezi Juni mwaka 1963 moja iliporomoka katika mtaa wa Bolton Street, wakafa wazee wawili. Siku chache baadaye nyumba za Fenian Street, si mbali na Merrion Square, zikaanguka na kuwaua wasichana wawili wadogo waliokuwa wakipita. Bango lilitokea baada ya hapo. Halikusema uongo, kwani milango ile ilikuwapo na rangi zake zilikuwa zilezile. Ila mtu aliyelitundika ukutani mwake, mbali na Dublin, angewezaje kujua kwamba mlango unaweza kubaki umesimama wima wakati dari iliyo nyuma yake inaoza?

Unguja wanajua. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu mwaka uliofuata, na sifa hiyo iliongeza macho kuliko ilivyoongeza chokaa na boriti. Nyumba zimeendelea kuanguka, moja baada ya moja. Hata Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ambalo milango yake mikubwa ya nakshi imepigwa picha na watu wasiohesabika, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Kuna wengine wasiongoja nyumba ianguke. Huung'oa mlango pamoja na miimo yake, wakauuza, ukaishia katika hoteli au ukumbi wa tajiri ng'ambo, nyuma yake pakiwa na ukuta wa saruji. Mwenye msumeno na mwenye kamera si sawa, na ni dhulma kuwaweka kapu moja. Lakini wote wawili wameuona mlango kwa namna moja: kitu kinachoweza kutolewa mahali pake kikabaki kizima.

Yupo atakayesema kwamba picha huhifadhi, naye asema kweli. Mlango ulioibwa hutambuliwa kwa picha yake, na fundi wa nakshi anayetaka kurudisha mwimo ulioliwa na mchwa hutazama picha za miaka iliyopita. Picha za namna hiyo, hata hivyo, ukizichunguza, zina nyumba ndani yake. Zinaonyesha mtaa, baraza, ufa wa ukuta, na mara nyingi mtu aliyekaa, kwa sababu mpigaji alitaka kujua mlango ni wa wapi na wa nani. Ushairi wa pwani nao ulikwisha kuyafanya haya. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipozililia nyumba za Pate katika Al-Inkishafi yapata karne mbili zilizopita, hakusimama nje akasifu kizingiti. Aliingia ndani hadi kwenye madaka ya kuta, mlimokuwa na vyombo vya thamani, akawakuta ndege wamejitwalia makazi. Kilio chake kinaaminika kwa sababu aliingia.

Wengine hutaka suala hili limalizwe kwa fedha, kila mlango uwe na bei yake na mtoto wa kuidai. Hilo limekwisha kuonekana mahali pengine, na mwisho wake baraza hugeuka duka, na salamu hugeuka hesabu. Anachodaiwa msafiri ni kidogo kuliko fedha, na pengine ndiyo sababu humwia vigumu kukitoa: asimame kabla ya kuinua kamera, aseme shikamoo kwa ulimi wake mwenyewe, hata kama ni neno pekee la Kiswahili alilo nalo, amwache bibi akae pale alipokaa, na akiambiwa karibu awe tayari kupoteza nusu saa kwa kikombe cha kahawa badala ya milango mingine sita iliyokuwa ikimngoja katika kichochoro kinachofuata. Milango hiyo sita itamkosa. Haitakasirika.

Siku ile, adhana ya magharibi iliposikika, bibi aliinuka, akakunja mkeka, akaingia ndani. Akazivuta mbao mbili zikakutana juu ya mfaa, akashusha komeo. Upande huo wa ndani hauna maua wala minyororo. Ni mbao zilizonyooka tu, zimekazwa kwa vipande vilivyokingama, na ncha za misumari ya zile njumu zimepindwa na kulazwa, safu kwa safu, zikiwa na kutu. Karibu na komeo, mahali mkono unapoegemea kila usiku, ubao umekuwa laini na mweusi.