Kurudisha Ukurasa wa Jana

Mimi ndiye katibu wa harambee yetu ya kiwanja, na orodha ya ahadi tunaiweka kwenye Google Docs. Usiku mmoja, karo ikiwa imenibana kweli kweli, nilifuta shilingi 20,000 mbele ya jina langu nikaandika 5,000. Pale huhitaji kubonyeza chochote ili kuhifadhi; hati hujihifadhi yenyewe ukiendelea kuandika.

Asubuhi dhamiri ikanichoma. Nikafungua Faili, nikaingia kwenye historia ya matoleo, nikachagua la jana mchana na kulirejesha. Zile 20,000 zikarudi. Nikapumua.

Kumbe kurejesha hakufuti kitu. Toleo la usiku lilikuwa bado pale, lina jina langu na saa yake, na yeyote mwenye ruhusa ya kuhariri angeliona. Njia ya kukwepa ipo: ukitengeneza nakala ya hati, nakala haibebi historia ile. Kidole kilikuwa tayari, siwafichi.

Hapo nikajiuliza: kama hesabu imekaa sawa, nadaiwa nini tena? Hakuna aliyepoteza hata ndururu. Lakini wenzangu walikuwa wanamwamini katibu ambaye usiku ule hakuwepo, na hilo halirudishwi kwa kubonyeza.

Nikampigia mwenyekiti. "Mama, naomba ufungue toleo la jana usiku, halafu tuongee."

Alikaa kimya kidogo. "Nimeliona," akasema. "Na hiyo karo ya mtoto, umefika wapi nayo?"