Hameni Kabla Mfereji Haujapanda

Wanangu mnaopanga vyumba vya bondeni hapa Kampala, kuanzia Kisenyi hadi Namuwongo, nisikilizeni kabla mvua za Machi hazijaingia.

Mfereji wa Nakivubo umebebeshwa maji ya sehemu kubwa ya mji. Ya Makerere Kivulu, ya Nakasero, ya Kibuli, yote hushukia humo, yakapita kando ya soko la Owino, yakafuata reli mpaka kinamasini na kuingia Ziwa Viktoria kwenye ghuba ya Murchison. Siku hizi vilimani kumejaa bati na lami, kinamasi kimeliwa na majengo, na katikati kaveera, yaani mifuko ya plastiki, na chupa zimeziba njia. Ndiyo maana mtu wa Namuwongo anaweza kuwa ameketi pakavu, na mfereji ukapanda kwa mvua iliyonyesha Nakasero. Wenzetu wa bonde la Mto Tana, kule Kenya, husikia mapema kwamba mabwawa ya juu yamefurika, nao hupata siku za kufungasha. Sisi tuna dakika.

Basi kuhama kupangwe kukiwa kavu. Kwanza jueni mtakwenda kwa nani: ndugu aliye mteremkoni Kibuli, msikiti, kanisa, shule. Mwombeni mapema, maana hodi ya usiku wa manane na watoto walioloa ni nzito kwa anayebisha na kwa anayefungua. Tembeeni njia hiyo na watoto mchana, ile isiyovuka mfereji. Wingu likitanda vilimani baada ya idara ya hali ya hewa kutangaza mvua kubwa, wazee, wagonjwa na watoto watangulie, hata kama wamelala. Mvua isiponyesha, majirani watawacheka. Waacheni wacheke.

Kinachowachelewesha watu ni godoro na televisheni. Mwanamume huwatanguliza mke na watoto, yeye akabaki kulinda mali. Wezi wapo, sibishi. Ndiyo sababu mkae na mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, mapema, vijana wapeane zamu ya kulinda kutoka upande wa juu, si ndani ya chumba. Vitambulisho, vyeti vya watoto na dawa za kila siku vifungwe kwenye kaveera, viwe mfuko mmoja karibu na mlango. Funga gesi, zima umeme kwenye swichi kuu. Ila maji yakishaingia ndani, usiiguse swichi hiyo.

Wala msivuke maji yanayokimbia. Yasiyofika hata goti humwangusha mtu mzima, na ukingo wa mfereji ukifunikwa hauonekani. Mvua ya tarehe 26 Machi 2025 iliua watu wasiopungua saba hapa Kampala. Mwenye bodaboda atakwambia anaijua njia. Anaijua ikiwa kavu.

Mkirudi, kumbukeni maji hayo yamepitia vyooni. Watoto wasiyachezee, ya kunywa yachemsheni, na chakula kilichoguswa na maji kitupwe hata kama ni gunia zima. Kipindupindu tunakijua.

Jumapili hii, badala ya kukaa kibarazani, pandeni kwa huyo ndugu wa Kibuli mkamwulize kama ana nafasi ya kulaza watoto.