Mkaazi wa Wapi?

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 ina namna yake ya kumtambua mkaazi. Ukiwa na makazi ya kudumu nchini na ukaonekana humu hata siku chache za mwaka, wewe ni mkaazi. Huna makazi, lakini umekaa siku 183 au zaidi, ni mkaazi. Hukuzifikisha, lakini mwaka huu na miwili iliyotangulia wastani wako umevuka siku 122, bado ni mkaazi. Tofauti ni kubwa: mkaazi huulizwa mapato yake ya dunia nzima, asiye mkaazi huulizwa yale tu yaliyotoka Tanzania.

Kwa mkulima wa alizeti wa Sepuka, kule wilayani Ikungi, mkoa wa Singida, hesabu hii ni kichekesho. Yeye hulala Sepuka mwaka mzima, labda atoke kwenda Singida mjini kuuguza au kuzika. Lakini wapo watu ambao siku hizo kwao ni mali. Wana washauri wa kuwahesabia walale London mara ngapi, Dubai mara ngapi, Monaco mara ngapi, ili mwaka uishe bila nchi yoyote kuweza kusema: huyu ni wetu.

Si wezi. Mkwepaji huficha, huyu anasoma sheria na kusimama pale inaposema hadaiwi. Ninachouliza kiko ndani zaidi kuliko sheria: deni la mtu kwa mahali huzaliwa na nini? Na kulala pale, au na kitu kingine?

Mwanafalsafa wa Scotland, David Hume, aliligusa jambo hili mwaka 1748. Wapo waliosema kwamba anayebaki katika nchi ameshakubali kimyakimya kuitii, maana njia ya kuondoka iko wazi. Hume akawauliza: maskini asiyejua lugha ya ugenini, anayekula leo alichopata leo, hiyo hiari ya kuondoka anayo wapi? Rafiki yake Adam Smith, mwaka 1776, akaonyesha upande wa pili. Mwenye ardhi amefungwa na nchi ilipo ardhi yake, ila mwenye mtaji akisumbuliwa na watoza kodi huubeba akaenda kwingine. Ukiwaweka pamoja hawa wawili unapata dunia ya leo karibu yote. Kubaki kwa maskini kunahesabiwa kuwa ni kukubali, na kuondoka kwa tajiri kunahesabiwa kuwa ni haki.

Wanyaturu wa Singida hawakuhitaji kusoma vitabu hivyo kulijua hili. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, Waingereza wakaja na ya nyumba na ya kichwa. Kodi hizo hazikutafuta fedha peke yake. Zilimlazimisha mtu mwenye mtama na ng'ombe atafute sarafu, na sarafu haikuwa Unyaturu. Ilikuwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga. Vijana wakafunga safari. Angalia mkondo ulivyogeuka: Mnyaturu aliuhamisha mwili wake ili aweze kulipa, na tajiri wa leo anauhamisha wake ili asilipe.

Baada ya uhuru ikaja kodi ya maendeleo, iliyodumu mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Wenye umri wa kukumbuka wanajua wanaume walivyokuwa wakilala porini mgambo wakipita vijijini. Nao, ukipenda, walikuwa wakipanga ukaazi wao, usiku mmoja baada ya mwingine, bila mshauri. Waliokamatwa hakuna aliyewaita wapangaji. Waliitwa wakwepaji, wakaswekwa ndani.

Siku hizi mkulima hutozwa kupitia gunia. Ushuru wa mazao ya biashara, uliopunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3, kisheria ni wa mnunuzi. Lakini mnunuzi anajua kuwa mbele yake kuna geti na kijana mwenye mashine ya posi, kwa hiyo anaupiga hesabu mapema na kuushusha kwenye bei, tena huku akidai lumbesa. Mwenye alizeti anaulipa bila kupewa risiti yenye jina lake. Hawezi kulipeleka shamba Guernsey.

Nataja Guernsey kwa sababu. Katika wilaya hiyohiyo ya Ikungi, pale Mang'onyi, upo mgodi wa dhahabu ulioanza kuzalisha mwaka 2023. Kampuni iliyoujenga, Shanta Gold, ilisajiliwa Guernsey, kisiwa kidogo karibu na pwani ya Ufaransa ambako kampuni nyingi hutozwa kodi ya mapato ya asilimia sifuri. Mwaka 2024 ikanunuliwa na kampuni iliyosajiliwa Mauritius. Sidai kuna aliyekwepa chochote: mrabaha na kodi za uzalishaji hutozwa hapa hapa. Nasema tu kwamba mwamba ni wa Ikungi na maji ni ya Ikungi, ila mmiliki kwenye karatasi anaweza kuhama bahari mbili bila jiwe moja kusogea.

Hapa nitaulizwa: basi kila anayeondoka ni mdeni? Kijana wa Sepuka anayeendesha gari Muscat naye tumtoze? La. Kazi yake, barabara anazopita, amani inayomlinda, vyote viko Muscat. Nyumbani hutuma fedha kwa hiari. Mfugaji anayehamisha ng'ombe kutafuta malisho naye hatoroki. Anakoenda anakula majani ya huko na kutozwa ya huko. Wote wawili wamehama na maisha yao. Anayenishughulisha ni yule aliyehamisha usiku tu, huku maduka, mashamba na mikataba yake ikiendelea kulindwa na polisi na mahakama za nchi aliyoikana kwenye fomu. Huyo anadaiwa pale anapochuma, hata akilala wapi.

Kwa kampuni, sheria yetu ilishaanza kufikiri hivyo. Tangu 2012, umiliki wa kampuni iliyopo nchini ukibadilika kwa zaidi ya nusu, hata kama karatasi zimetiwa saini ng'ambo, mali zake huhesabiwa kuwa zimeuzwa, na kodi hudaiwa. Sheria imeacha kumtazama muuzaji amelala wapi, imetazama kitu kiko wapi. Sioni kwa nini mtu binafsi mwenye utajiri apimwe kwa kipimo laini zaidi.

Ila tusijifanye tunaibiwa tu. Zanzibar nayo iko sokoni: mgeni akinunua nyumba ya walau dola 100,000 katika mradi ulioidhinishwa, anaweza kupewa kibali cha ukaazi. Kinachowavuta wengine Fumba, huko Zanzibar, ndicho kilichowavuta wengine Mauritius, na kuna hazina ya nchi fulani inayowasubiri warudi. Hata Ghuba inabadilika. Oman imeshatunga sheria ya kutoza asilimia 5 kwa mapato ya mtu binafsi yanayozidi rial 42,000 kwa mwaka, kuanzia Januari 2028, ya kwanza ya aina yake katika nchi za Ghuba. Dereva wetu wa Muscat haitamgusa. Itawagusa wale wenye washauri, na bila shaka washauri wameshafungua ramani.