Imeharibika au Imeharibiwa?

Mara nyingi tumeulizwa, na akina mama hasa, kama ni haki kumkata mtumishi wa nyumbani mshahara wake kwa ajili ya chombo kilichoharibika mikononi mwake. Swali hili ni la zamani. Zamani kilikuwa chungu au sahani, na hasara yake ilisahauliwa baada ya wiki. Siku hizi huenda kikawa friji kubwa yenye kutoa maji baridi na vipande vya barafu pale mlangoni, chombo ambacho bei yake yaweza kupita mshahara wa mwaka mzima wa yule anayekipangusa kila asubuhi. Kwa hiyo swali limezidi uzito.

Sisi tuliopitia chuo cha ualimu tulifundishwa kauli za vitenzi, nasi tukawafundisha wengine kwa miaka mingi: kuharibu, kuharibiwa, kuharibika. Mtoto akipiga mpira ukapasua kioo cha dirisha, husema, "Kimevunjika, mwalimu," kana kwamba kioo kilichoka chenyewe. Mwalimu naye hujibu, "Kimevunjwa! Nani?" Tazama, kila mmoja ameitumia sarufi kwa faida yake. Mtoto amemficha mtendaji. Mwalimu amedai mtendaji kabla hajajua kama yupo. Hila ya mtoto twaijua sana na twaicheka. Hila ya pili ni yetu sisi wakubwa, nayo hatuiiti hila. Lakini neno "imeharibiwa" likisha kutamkwa ndani ya nyumba, huanza kutafuta mtu, na mtu apatikanaye upesi ni yule asiye na wa kumtetea.

Iko nyumba moja, hatutaitaja. Mama wa nyumba hiyo alikuwa na friji ya namna tuliyoeleza, na kwa miaka miwili ilitoa maji na barafu bila taabu. Mwezi uleule alipokuja msichana mpya wa kazi, vipande vya barafu vikaanza kuwa vidogo, vingine vina tundu katikati. Halafu maji yakawa membamba kama uzi. Halafu yakawa yanadondoka sakafuni hata glasi ikiwa imeondolewa. Mwisho hayakutoka kabisa. Msichana alipoulizwa alisema, "Sijui, mama, nimeona tu hayatoki." Mama akaamini kwamba kile kikono kinachosukumwa kwa glasi kimesukumwa kwa nguvu mpaka kikavunjika kwa ndani. Mshahara ukakatwa miezi mitatu, na majirani wawili wakaelezwa kwa nini.

Ushahidi wake ulikuwa nini? Mambo mawili tu: kwamba mabaya yalianza msichana alipofika, na kwamba yeye ndiye mwenye kuitumia friji. Hili la pili lina nguvu ya kudanganya. Anayekitumia chombo kila siku karibu lazima awe wa mwisho kukigusa kabla hakijakwama. Akiwa mwema atakuwa wa mwisho, akiwa mzembe atakuwa wa mwisho. Basi kuwa wa mwisho hakutupi habari yoyote juu yake, ila kwamba anafanya kazi. Na la kwanza, la mwezi uleule, tungelipa uzito kama tungekwisha kuuliza ni mambo gani mengine yalianza mwezi uleule.

Fundi aliyeitwa baadaye alikuwa kijana mpole, na jambo lililotupendeza kwake ni kwamba hakufungua kitu chochote kwanza. Alitazama kile kitufe cha kuzuia watoto wasichezee maji, maana friji nyingi zinacho, na kikibonyezwa kwa sekunde chache hakuna kinachotoka. Hakikuwa kimefungwa. Akatazama kama mlango unafunga sawasawa, kwa kuwa ukiwa wazi mashine haitoi maji. Ulifunga vizuri. Ndipo akauliza: "Barafu nayo ilipungua?"

Yafaa tukae kidogo juu ya swali hilo. Katika friji hizi maji huingia kwa mpira mwembamba kutoka kwenye bomba la nyumba, hupita kwenye chujio, na hufunguliwa njia na vali ya umeme. Kisha njia hugawanyika: moja huenda mlangoni, nyingine huenda kwenye kisahani cha kugandishia barafu. Kama maji yamekoma na barafu inaendelea kama kawaida, basi kosa liko kwenye njia ya mlangoni peke yake. Huenda ni kikono, huenda ni mpira ulioganda ndani ya mlango kwa sababu friza imewekwa baridi kupita kiasi, chini sana ya zile nyuzi 18 chini ya sifuri zinazotosha. Lakini vyote viwili vikipungua pamoja, tafuta kabla ya njia kugawanyika. Kikono cha maji hakina habari na kisahani cha barafu. Walimu wenzetu watalielewa hili upesi: mwanafunzi mmoja akikosa hesabu, mtazame mwanafunzi, darasa zima likikosa, mtazame aliyeshika chaki.

Fundi akatoka nje akatazama juu. Mwezi ule nyumba ilikuwa imeacha kutumia maji ya bomba moja kwa moja, kwa sababu ya mgawo, na tangi la plastiki lilikuwa limewekwa juu ya mnara wa mita 4. Vali ya friji haisukumi maji, hufungua mlango tu. Msukumo hutoka nje. Vitabu vya friji nyingi za aina hii hutaka msukumo usiopungua kama paundi 20 kwa inchi ya mraba. Maji yaliyosimama kwa urefu wa mita 10 hutoa paundi 14 tu. Tangi la mita 4 halifiki hata paundi 6, na ili kupata 20 ingetakiwa kulipandisha mita 14. Chujio nalo, ambalo kwa desturi hubadilishwa kila miezi 6, halikuwa limeguswa tangu friji inunuliwe. Maji yenyewe hayana nguvu, na bado yanapitishwa kwenye kitu kilichoziba! Hata yale matone sakafuni yalikuwa na sababu hiyohiyo, kwa kuwa vali za namna hii hutegemea msukumo wa maji kufunga barabara. Pampu ndogo na chujio jipya vikatosha. Friji haikuwa imeharibiwa, wala haikuwa imeharibika.

Watu wengine watasema tumechagua kisa chepesi. Je, kama msichana angekuwa amevunja kikono kweli? Hatukatai kwamba uzembe upo. Aliyeonywa mara tatu asiache friza wazi usiku, akaiacha tena, ana la kujibu. Lakini wengi hupewa mashine bila kuonyeshwa, na kitabu chake cha Kiingereza kimelala kabatini. Tena vitu huchakaa kwa kutumiwa, na uchakavu ni wa mwenye mali, kama vile maji baridi yalivyo yake wakati friji ni nzima.

Wachache wanajua kwamba sheria imelisema jambo hili. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu kukata mshahara kwa ajili ya hasara ila pale hasara imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri aandike sababu, kiasi na hesabu yake, naye mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Jumla isizidi hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya mshahara. Watu hudhani hayo ni ya viwandani na maofisini. Sisi twapenda hasa lile sharti la kuandika. Chukua karatasi uandike, "Amevunja kikono," kisha mstari wa pili uandike umejuaje. Wengi kalamu itasimama hapo. Nikodemo aliuliza jambo la jamaa hiyo mbele ya wenzake wakuu, na jibu alilopata lilikuwa ni kuulizwa kama naye anatoka Galilaya.

Tunakiri kwamba mama yule hakuwa tajiri wala mkatili. Friji aliipata kwa kudunduliza, na uchungu wa kuona mali inakwama ni wa kweli. Aliposikia maneno ya fundi alirudisha fedha zote za miezi mitatu kwa simu siku ileile, bila kuambiwa na mtu. Wengine walituambia kwamba hapo jambo limekwisha. Sisi hatukuona hivyo. Msichana alikuwa amekwisha kuondoka, akatafuta kazi nyumba ya pili, na nyumba hiyo ilikuwa imeuliza habari zake kwa mmoja wa wale majirani wawili. Tulimwambia mama kwamba bado ana milango miwili ya kubisha hodi. Alikwenda kwa mmoja Jumapili baada ya ibada. Wa pili amesafiri, nasi tumeambiwa atarudi mwisho wa mwezi.